Sindano, Ukili na Shanga: Kazi za Mikono katika Utungo wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Methali hii hutumiwa kila siku kuwakumbusha watu kwamba mafanikio hayazuki yenyewe. Hata hivyo, ni wachache wanaoisikia kama kauli ya karakana. Kinachoelea ni chombo cha bahari. Waliokiunda ni mafundi wenye tezo, keekee na nyundo, ambao aghalabu majina yao hayakuandikwa popote. Methali imedumu vinywani mwa watu, lakini fundi aliyeizaa hakumbukwi.

Hali katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili haiko mbali na hiyo. Kazi za mikono zinazotajwa ndani ya matini, kama vile kushona, kudarizi, kusuka ukili, kutunga shanga na kufinyanga, huwekwa mara nyingi chini ya kichwa cha mandhari. Mwanafunzi hutaja kwamba mhusika fulani alikuwa akisuka mkeka, kisha hukimbilia yale anayoyaona kuwa ya maana zaidi: maudhui, wahusika na falsafa ya mtunzi. Makala haya yanadai kwamba desturi hiyo hupoteza jambo kubwa. Kiswahili hakikuitenga kazi ya mkono na kazi ya fasihi. Kiliipa fasihi majina yake kutokana na uzi, sindano na ukili. Kwa hivyo, anayezipuuza kazi hizi huipuuza nadharia ya utunzi ambayo lugha yenyewe imeihifadhi. Pamoja nayo huwapuuza watunzi wengi, hasa wanawake, ambao hawakutumia kalamu na wino.

Ili kuithibitisha hoja hii, makala yataanza na istilahi za fasihi zilizotokana na kazi za mikono, kisha yatazingatia ukili kama kielelezo cha msuko. Baadaye yatasoma upya tungo tatu za kale za pwani, na hatimaye yataiangalia leso, vazi ambalo ni utungo kwa maana kamili ya neno hilo.

Istilahi zilizotoka mikononi

Neno la kwanza la kuzingatiwa ni kutunga. Maana yake ya msingi ni kupitisha uzi au ugwe kwenye tundu. Uzi hutungwa katika sindano, shanga hutungwa katika uzi, na mvuvi arudipo pwani hubeba mtungo wa samaki. Kutokana na kitenzi hicho lugha imepata utungo, tungo, mtunzi na utunzi. Kaluta Amri Abedi alipochapisha kanuni zake za ushairi mwaka 1954, alikiita kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi. Ibrahim Noor Shariff naye akakiita chake cha mwaka 1988 Tungo Zetu. Msomaji wa vitabu hivyo hahitaji kuelezwa kwa nini mshairi anatajwa kwa kitenzi cha mtu mwenye shanga na uzi mkononi, maana lugha imekwisha kumzoesha.

Kiarabu nacho kina picha inayokaribiana na hiyo. Neno nadhm, ambalo katika Kiswahili limekuwa nudhumu, lina maana ya kupanga lulu katika uzi. Neno nathr, lililozaa nathari, lina maana ya kutawanya. Kwa mujibu wa picha hiyo, shairi ni lulu zilizotungwa, ilhali nathari ni lulu zilizomwagwa. Inafaa kutambua kwamba Kiswahili kiliyapokea majina hayo mawili bila kuukubali mgawanyo wote. Msemaji wa Kiswahili hutunga shairi, hutunga hadithi, hutunga riwaya, na hata mtoto wa shule hutunga insha. Katika lugha hii nathari pia ina uzi unaopita katikati yake, na mwandishi wa nathari ambaye maneno yake yametawanyika hajatunga kitu.

Kitenzi cha pili ni kusuka. Husukwa nywele, husukwa ukili, husukwa kamba. Na watu wenye siri husuka njama. Wahakiki wamelichukua neno msuko kulitaja jinsi matukio ya kazi ya fasihi yanavyofungamanishwa. Cha tatu ni kufuma, yaani kuunda kitambaa kwa kuziingiza nyuzi za mshindio kati ya nyuzi za mtande. Kutokana na kufuma limepatikana neno mfumo, linalotumiwa leo kutajia serikali, elimu na hata sauti za lugha. Cha nne ni kuunda, kitenzi cha mafundi wa vyombo vya bahari, kilichozaa muundo. Neno sanaa nalo lilitokana na neno la Kiarabu linalohusu ufundi na kazi ya mikono. Hata bahari za ushairi hazikukosa mapambo ya sonara: pindu, ambamo maneno ya mwisho ya ubeti huanzisha ubeti ufuatao, huitwa pia mkufu, kwa kuwa kila pete hushika pete nyingine.

Huenda mhakiki akapinga kwamba sitiari hizi zimekwisha kufa, na kwamba anayesema mfumo wa elimu hafikirii kitambaa. Pingamizi hili lina uzito, na jambo kama hilo limetokea kwingine pia. Neno la Kilatini lililozaa istilahi ya matini katika lugha nyingi za Ulaya lilikuwa na maana ya kitu kilichofumwa, na Wagiriki wa kale walimwita mghani wa tenzi kwa jina lenye maana ya mshona nyimbo. Wengi wa wanaotumia maneno hayo leo hawaoni sindano wala uzi. Hata hivyo, sitiari iliyolala si sawa na sitiari iliyozikwa. Watunzi wa Kiswahili wameiamsha mara kwa mara, kama itakavyoonekana, na pale wanapoiamsha, msomaji asiyeijua kazi yenyewe hubaki nje ya mlango.

Ukili kama kielelezo cha msuko

Mfano wa ususi wa mkeka unaweza kuonyesha hasara inayopatikana neno linapotumiwa bila kazi yake kujulikana. Msusi hukata makuti machanga ya mkindu au majani ya muaa, huyaanika juani, kisha huyachana kuwa chane nyembamba. Baadhi ya chane hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Chane hizo husukwa na kuwa ukili, utepe mrefu unaoweza kukunjwa na kubebwa. Mwanamke huweza kusuka ukili akiwa barazani, akimsikiliza jirani, au akiwasimulia watoto hadithi, kwa sababu vidole vimekwisha kuzoea mwendo. Ukili unapotosha, hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upana unaotakiwa upatikane. Hapo ndipo huzaliwa mkeka, jamvi au msala.

Mambo matatu yanafaa kuangaliwa hapa. Kwanza, mkeka hausukwi wote kwa pamoja. Husukwa kwanza ukili, kisha ukili hushonwa. Kuna kazi mbili tofauti, ya kusuka na ya kuunganisha, na ya pili huweza kuiharibu ya kwanza. Pili, nakshi ya mkeka hupangwa wakati ukili ungali utepe mwembamba. Msusi huona kichwani sura ya kitu kizima wakati mkononi ana sehemu yake ndogo tu. Tatu, chane moja huonekana, huzama chini ya nyingine, kisha huibuka tena mbele. Kuzama kwake si kupotea. Ndiko kunakoushika ukili usifumuke.

Mwanafunzi aliyekwisha kuyaona hayo atasoma msuko wa riwaya kwa jicho jingine. Katika Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999, maisha ya Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, yanaingiana na maisha ya Denge, mwanaharakati anayeupinga ukoloni Unguja. Chane ya mapenzi na chane ya siasa hupanda na kushuka. Denge anapotoweka machoni, siasa haikomi. Imepita chini ya maisha ya Yasmin na itaibuka tena. Kusema tu kwamba msuko wa riwaya hii ni changamano ni kuishia mlangoni. Swali la kiususi ni hili: ni chane ipi iliyo juu katika sura fulani, ipi iliyo chini, na mshono unaounganisha sura hiyo na inayofuata umeshikwa na nini?

Sindano ya shaba

Utungo wa kwanza wa kale unaodai kusomwa kwa jicho hilo ni Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mtunzi mwenyewe alikuwa fundi wa mikono. Kijumwa alichonga milango, aliandika hati kwa khati nzuri, na alikuwa mwanamuziki. Haishangazi, basi, kwamba utendi uliopita mikononi mwake unawageuza mafundi na vifaa vyao kuwa nguzo za kisa.

Kisa hicho kinajulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Liyongo, shujaa asiyeingiwa na mshale wala mkuki, anafungwa gerezani. Mama yake anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi, ambao huvipokonya vyakula vizuri, wanauacha mkate huo duni upite mikononi mwa mjakazi Saada. Liyongo anakata minyororo kwa tupa huku ngoma ya gungu ikivuma nje na kuufunika mlio wa chuma. Baadaye, mfalme anamhadaa mwana wa Liyongo kwa ahadi ya ndoa. Mwana anamuuliza babaye siri ya kifo chake, na kuambiwa kwamba ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mwana anaitumia sindano hiyo.

Wahakiki wamezungumza sana kuhusu usaliti wa mwana, na ni haki yao. Lakini sindano haijapewa nafasi yake. Kisa hiki kimejengwa kwa vifaa viwili vidogo vya kazi. Tupa, kifaa cha fundi wa chuma, imefichwa ndani ya kazi ya jikoni na kuokoa uhai. Sindano, kifaa cha kushonea, imefichwa mkononi mwa mwana na kutoa uhai. Mama anaunganisha maisha ya mwanawe kwa kifaa cha kukatia. Mjukuu wake anayakata kwa kifaa cha kuunganishia. Mahali pa jeraha nako kuna maana. Kitovu ni alama ya fundo la kwanza la binadamu, pale mtoto alipofungamana na mamaye kisha akatengwa naye. Sindano inaingia penye mshono wa kale na kuufumua. Liyongo aliyeshinda silaha za kivita anauawa kwa chombo cha nyumbani, na baada ya kifo chake ni mama yake anayeitwa kisimani kumbembeleza, kwa kuwa watu wanaogopa kuukaribia mwili uliopiga magoti ukiwa na upinde.

Kupuuzwa kwa vyombo vidogo si ila ya wahakiki wa Kiswahili pekee. Mwandishi wa Kimarekani Susan Glaspell aliifanya ila hiyo kuwa kiini cha tamthilia yake Trifles, iliyoigizwa mwaka 1916. Mkulima mmoja amekutwa amenyongwa, na mkewe anashukiwa. Wanaume wa sheria wanapekua nyumba nzima kutafuta ushahidi, huku wakiwacheka wanawake wawili waliofuatana nao kwa kuzungumzia mfarishi wa viraka ambao mshukiwa alikuwa akiushona. Wanawake hao wanaona kwamba mishono ya kiraka cha mwisho imepotoka ghafla, tofauti na mingine yote iliyonyooka. Katika kisanduku cha ushoni wanakuta maiti ya ndege aliyevunjwa shingo. Kisa chote cha ndoa ile kimeandikwa katika uzi, na wanaoweza kukisoma ni wale tu wanaojua kushona. Mhakiki anayeruka sindano ya Liyongo ili afike upesi kwenye maudhui ana hatari ya kufanana na wapelelezi hao.

Koja na kidani

Tungo nyingine mbili za visiwa vya Lamu zinaamsha waziwazi maana ya kwanza ya kutunga. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anaeleza mapema kwamba kusudi lake ni kutunga koja lenye lulu. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, nao unaanza kwa ahadi ya pambo la shingoni. Ni rahisi kuziona kauli hizi kama mazoea ya watunzi waliosoma Kiarabu. Bila shaka mapokeo ya nadhm yapo hapo, lakini kila mtunzi aliyatumia kwa haja yake.

Al-Inkishafi ni utungo unaoukemea moyo kwa kupenda pumbao za dunia. Unazionyesha nyumba za wakwasi wa Pate zikiwa magofu, na vidaka vilivyochongwa kwa ustadi ili kuwekea vyombo vya thamani vikiwa viota vya makinda ya ndege. Hapa pana kitendawili. Mtunzi anayewaonya watu dhidi ya mapambo anaanza kwa kutengeneza pambo. Jibu linaweza kupatikana katika kazi yenyewe. Mapambo ya Pate yalikuwa ya ukuta, na ukuta umeanguka. Koja la mtunzi limetungwa kwa uzi ambao haumilikiwi na nyumba yoyote, na kila anayelisoma hulivaa upya. Kwa hivyo picha ya koja ni hoja ndani ya utungo: ni swali kuhusu ufundi upi unaodumu.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, shehe wa Siyu aliyepigana na Sultani wa Unguja. Alipotunga utendi wake alikuwa ameugua kwa muda mrefu, na binti yake, Mwana Hashima, alikuwa angali mdogo. Mama anamwita binti aje na wino na karatasi, lakini mara anabadilisha vifaa. Anazungumza kuhusu hirizi itakayofungwa kwa uzi, na kuhusu kidani cha lulu na marijani atakachomtungia na kumvika. Utendi huu umezua mjadala mkali kwa sababu ya mafunzo yake kuhusu utiifu wa mke, na mjadala huo unastahili kuendelea. Hata hivyo, kabla ya kuuliza mama anamfundisha binti nini, inafaa kuuliza anampa nini. Anampa kitu cha kuvaliwa. Mwanamke anayejua kwamba hatakuwapo anaugeuza usemi wake kuwa pambo litakalogusa ngozi ya mwanawe kila siku. Mwishoni mwa utendi anazihesabu beti zake, kama fundi anavyohesabu shanga kabla ya kufunga fundo, na anawaita wanawake wengine wausome. Kidani kilichotungwa kwa ajili ya shingo moja kimekuwa mali ya wengi.

Leso: mshono uliozaa utungo

Mwana Kupona alilitumia pambo kama picha ya utungo. Miongo michache baada yake, wanawake wa pwani walifika mahali ambapo utungo ulivaliwa kweli. Masimulizi ya historia ya leso, ambayo Unguja na Tanzania bara huitwa kanga, yanaeleza kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa vya leso za mkononi vikiwa bado havijatenganishwa. Badala ya kuvikata kimoja kimoja, walivikata vitatu vitatu, wakaviunganisha kwa sindano na kupata vazi lenye sura mpya kabisa. Vazi hilo liliitwa leso ya kushona. Baadaye wafanyabiashara waliona jinsi lilivyopendwa, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapishwa kwa mfano huo. Kwa ufupi, kiwanda kiliiga mshono wa mkono wa mwanamke.

Sehemu za leso zina majina yake. Ukingo wake ni pindo, uwanja wa katikati ni mji, na maandishi ni jina. Neno pindo latoka katika kazi ya ushonaji, ijapokuwa pindo la leso huchapishwa pamoja na kitambaa. Hata hivyo, sindano haikuondoka. Doti ikinunuliwa hukatwa vipande viwili, na kila kipande hupindwa kwa mkono au kwa cherehani kabla ya kuvaliwa. Hivyo mvaaji ndiye anayeikamilisha kazi.

Maandishi yaliongezwa kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Mjini Mombasa, jina la mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zinajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, huhusishwa sana na ueneaji wa misemo hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la leso ni utungo mfupi kupita yote ya Kiswahili. Huwa methali, dua, pongezi, onyo au fumbo. Hutegemea mkato, ulinganifu wa sauti na utata wa maana, sifa zile zile ambazo mwanafunzi hufundishwa kuzitafuta katika shairi.

Utata huo ndio unaoipa leso nguvu yake. Mwanamke anayemtumia mwenzake leso yenye fumbo, au anayepita mbele ya jirani akiwa ameivaa, amesema bila kufungua kinywa. Akiulizwa, anaweza kujibu kwamba alipenda rangi tu. Maana hupatikana pale mvaaji, msomaji na tukio wanapokutana, na doti moja huweza kuwa zawadi kwa mmoja na mkuki kwa mwingine. Nadharia za upokezi zinazofundishwa vyuoni zingeweza kuanzia hapa bila kuvuka bahari.

Nguo ilikuwa pia hati ya hadhi ya mtu. Wakati wa utumwa, merikani na kaniki zilikuwa mavazi ya wanyonge. Baada ya kukomeshwa kwa hali ya utumwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki na kujivika kanga za rangi ili waonyeshe kwamba sasa ni watu huru. Kumbukumbu ya jambo hilo imo katika maisha ya Siti binti Saad, aliyesimuliwa na Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba katika familia ya kimaskini iliyofinyanga vyungu, na alikuwa akivichukua mjini kuviuza. Alipopata umaarufu kwa uimbaji wake, wapinzani walimsuta kwa wimbo kwamba aliingia mjini akiwa amevaa kaniki. Siti alijibu kwa wimbo pia, akiuweka utu na akili juu ya sura na asili. Mabishano hayo yalikuwa ya kifasihi, lakini silaha yake ilikuwa kitambaa. Msomaji asiyejua kaniki ilimaanisha nini hawezi kuelewa tusi wala uzito wa jibu.

Watunzi wasio na majina

Hapa ndipo linapozuka suala la haki. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anasomwa hadi leo kwa sababu mashairi yake yalikusanywa na Mwalimu Sikujua kwa ushirikiano na W. E. Taylor. Kama wasingefanya hivyo, huenda sehemu kubwa ya tungo hizo ingepotea pamoja na waliozihifadhi moyoni. Wanawake waliobuni leso ya kushona hawakumpata Mwalimu Sikujua wao. Misemo mingi ya leso hainasibishwi na mtunzi yeyote. Inayojulikana ni alama ya duka. Kofia zinazodariziwa kwa mkono, kama zile za viua zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi, huchukua majuma mengi ya kazi, na mara nyingi mikono inayozishona ni ya wanawake walio majumbani. Mwanamume huenda msikitini, harusini na barazani akiwa amevaa kichwani nakshi ambayo mshonaji wake hatajwi.

Fasihi simulizi imezoea kazi zisizo na mtunzi mmoja, na si kila utungo lazima uwe na jina la mtu. Lakini kuna tofauti kati ya kazi ambayo jamii nzima iliitunga na kazi ambayo mtunzi wake hakuulizwa. Uhakiki unaoitaja leso kama vazi la mhusika tu, na mkeka kama kikalio chake tu, unaendeleza kimya hicho.

Hasara nyingine ni ya lugha. Maneno kama chane, ukili, kiua, taraza, mtande na mshindio yamo katika kamusi, lakini wanafunzi wengi huyakutana nayo kwa mara ya kwanza katika tungo za kale na kuyapita kama maneno ya kuhifadhiwa kwa mtihani. Mikeka ya plastiki na kofia za mashine zinapoijaza soko, maneno haya yanapungukiwa na vinywa. Neno likifa, sitiari iliyojengwa juu yake nayo hunyamaza, na ubeti ulioitegemea huwa mgumu kwa sababu ambazo mtunzi hakuzikusudia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kazi za mikono zimeingia katika fasihi ya Kiswahili kwa njia tatu. Zimeipa fasihi majina ya shughuli zake. Zimewapa watunzi wa kale picha na vifaa vya kisa, kuanzia koja la Al-Inkishafi hadi sindano ya Liyongo. Na katika leso zimekuwa utungo wenyewe. Kuzisoma kama mandhari tupu ni kuacha nusu ya kazi bila kuguswa.

Yapo mambo ambayo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuyafanya bila kungoja fedha nyingi. Safari za utafiti wa fasihi simulizi zinazokwenda Lamu, Mombasa au Kwale zinaweza kutenga siku moja ya kukaa na wasusi na washonaji, kuandika msamiati wao pamoja na matumizi yake, na kuyaandika majina ya wenyewe kwa idhini yao. Mkusanyo wa majina ya leso unaweza kufuatana na maelezo ya nani alimpa nani, lini na kwa sababu gani, kwa kuwa bila hayo fumbo hubaki nusu. Wahadhiri nao wanaweza kufundisha msuko huku ukili ukiwa mezani.

Fundi na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja, yanayotokana na kufunda na kufunza. Katika karakana, mwanafunzi hukaa karibu na fundi, huangalia vidole vyake, kisha hujaribu, hukosea na kufumua. Wapo bado mafundi wa ukili na wa kofia ambao wanaweza kuulizwa. Wengi wao ni wazee, na swali ambalo halitaulizwa sasa huenda likakosa wa kulijibu.